Kondoo wa Noeli Ile

Truda mwanangu,

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia ukae upande usio na jua, usinunue mayai ya barabarani pale Makambako, na mfuko wa dagaa wa Liuli usiupandishe juu kwenye keria ukalowa. Nikiongeza langu nitakuwa namwingilia mtu kazini. Umetoka kwenda kuwaaga majirani, na kwa ninavyoijua Mbuji kila nyumba itakushikisha sahani, kwa hiyo hutarudi upesi. Nimekaa humu ghalani juu ya gunia la maharage, nimechana karatasi katikati ya daftari, naandika haraka kabla sijapata mzaha wa kunitoa humu.

Jumapili uliniuliza swali. Ulikuwa umechuchumaa pale mlangoni unafunga sanamu zako za udongo kwa majani makavu ya mgomba, moja moja, kama mtu anayevalisha vichanga. Ukasema:

"Baba, nataka kukuuliza kitu, lakini bila mzaha."

"Bila mzaha mimi nitabaki na nini, mwanangu? Masikio tu."

"Baba!"

"Haya, uliza."

"Zile sanamu za Noeli, nilipokuwa darasa la tatu. Nilizifinyanga mimi, au nilikanda tope tu?"

Nikakujibu kwamba zilifinyangwa na malaika Gabrieli, mimi nilishika taa. Ukacheka kidogo, ukarudi kwenye majani yako. Mama yako aliweka ungo chini akatoka nje. Najua ulikwisha kumuuliza yeye kwanza, naye akakutuma kwangu.

Halafu ukanieleza, kwa sauti ya chini, kwa nini unauliza. Ukasema kwenye maonyesho yako ya sanaa huko Dar ukumbi mzima utakuwa wa michezo ya utotoni, watu watavua viatu na kukaa chini kwenye udongo wetu wa Mbuji, washike, wafinyange, wachafuke. Ukasema katikati ya ukumbi umeacha nafasi tupu. "Kama zile sanamu zilikuwa zangu, nitazifinyanga tena niziweke pale. Kama zilikuwa zako, baba, sitaki kukuibia."

Kuniibia! Mwanangu, hilo neno limekaa na mimi tangu Jumapili. Nimekula nalo, nimelala nalo, nimekwenda nalo shambani.

Basi, kabla mkono haujasita: ni wewe. Zote. Yosefu, Maria, mtoto, wachungaji, punda, na kila kondoo. Mimi sikufinyanga hata sikio la punda.

Ningeweza kukunja karatasi hapa nikajisifu kwamba nimesema kweli. Lakini uliambiwa kinyume chake mbele ya ukoo mzima, na ukakiri kwa kinywa chako kwamba ulidanganya. Neno moja la ghalani haliwezi kufuta hilo. Inabidi nikueleze ilivyokuwa, toka mwanzo, ili usiwe na shaka tena, hata siku nikiwa sipo wa kuulizwa.

Unanijua mimi. Shule niliiacha darasa la tano nikadandia lori. Nimekuwa utingo, nimefika Tunduma, nimefika Lusaka nikanywa chai kwa kikombe chenye maua, nimevuka ziwa hadi Nkhata Bay na kurudi na suruali ambayo Mbinga nzima ilikuja kuitazama. Nilikuwa na uongo mzuri, na ukweli wangu pia haukuwa mbaya, ila niliupaka rangi kidogo. Wewe ulikuwa msikilizaji wangu mkubwa. Ukishasikia hadithi ya lori, kesho yake unakwenda kijitoni chini ya ngoro zetu, yale mashamba ya mashimo ya mlimani, huku mama yako akichimba mashimo, unafinyanga lori lile lile na watu wake wote juu ya mzigo. Mkono huo ulitoka kwa bibi yako wa Liuli, mfinyanzi wa vyungu. Kwangu ulichukua mdomo tu, na huo pia nilikuja kukunyang'anya.

Ndipo zikaja siku za ruksa. Mtu yeyote mwenye lori na moyo akaruhusiwa kuja kununua mahindi mlangoni kwako bila kibali. Sabuni zikaonekana, redio zikaonekana, na tajiri mmoja kutoka Songea akaanza kupanda mpaka kwetu. Alikuwa anatafuta wakala wa Mbuji. Nami nilitaka ule uwakala kuliko kitu chochote duniani. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuchekesha wenzake kilabuni huku wengine ndio wanaoitwa "bwana".

Siku aliyokuja hapa nyumbani ulikuwa umekwenda kuteka maji. Lori lako la udongo lilikuwa kibarazani linakauka. Lilikuwa na magunia, kila gunia limefungwa mdomo, na nyuma amening'inia utingo, mdomo wazi hadi kwenye masikio. Huyo nilikuwa mimi, nani asingenijua! Tajiri akaliinua, akaligeuza.

"Hii kazi ya nani?"

Sikufikiri, Truda. Napenda ujue hivyo, ingawa si udhuru. "Mimi, bosi," nikasema.

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mtu anayejua kupanga mzigo wa udongo namna hii atanipangia mahindi yangu vizuri." Akaliweka lori lako mbele ya kioo cha lori lake, akaondoka nalo. Mimi nikabaki wakala.

Ukarudi na ndoo kichwani. "Baba, gari langu liko wapi?"

"Limekwenda Songea."

"Litarudi lini?"

"Likishashusha mahindi."

Niliona ni jibu zuri, nikawasimulia watu. Lakini wewe kila lori la tajiri lilipopanda kilima ulikuwa unakimbia kulitazama mbele ya kioo. Ulifanya hivyo msimu mzima. Mimi nilikuona, na kila mara nikajifanya nahesabu magunia.

Kumbe uongo mdogo haukai nyumbani. Tajiri alisema Mbinga, Mbinga ikasema Ukata, na kabla ya Majilio katekista alikuwa amesimama mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Gaufridi, nasikia wewe ni fundi wa sanamu na unatuficha."

"Aa, mwalimu, vitu vidogo tu."

"Zile za pango la Noeli zimemomonyoka, Yosefu hana kichwa. Mwaka huu tutengenezee wewe."

Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikasema, "Mwalimu, ulichelewa wapi kuniomba?"

Nikaingia humu humu ghalani na tope. Nikafinyanga kondoo. Mama yako akaja kutazama, akazunguka, akauliza, "Hiki ni kiti?" Nikafinyanga mwingine. Akasema, "Sasa umepata meza yake." Siku ya nne nikakuita wewe. Nikakwambia ni mchezo wetu wa siri, mimi na wewe tu. Ukafurahi kuliko siku niliyokuletea viatu.

Ulimaliza zote kwa siku sita, tukazichoma nyuma ya nyumba kwa nyasi na magunzi, kama bibi yako anavyochoma vyungu. Mimi nikazipeleka kanisani usiku wa kuamkia mkesha. Watu walitulia mbele ya lile pango kama wamemwagiwa maji. Maria alikuwa amefunga kitenge, jembe liko nyuma yake. Katekista akanisimamisha mbele ya watu, wakanipigia makofi, nami nikainama. Niliinama vizuri sana, nilijifunza Lusaka.

Wewe ulikuwa kwenye mkeka wa watoto. Ukamwambia mwenzako sikioni, "Nimefinyanga mimi." Hicho tu. Mtoto wa miaka tisa, siri imemjaa mpaka shingoni, analiona pango lake lina mishumaa. Nani angenyamaza? Mimi mwenyewe nisingeweza.

Neno likatembea. Mwaka mpya tulipokusanyika kwenye sengu kwa baba yako mkubwa Method, wanaume wa ukoo tumekula pamoja kama ilivyokuwa desturi na tumefika mahali pa kuamua mashauri, akaagiza uitwe. Ukaja na maji ya kunawa, ukafikiri umeitiwa hayo.

"Mtoto, nasikia unamwita baba yako mwongo."

"Simwiti, baba mkubwa. Nimesema nimefinyanga mimi."

"Gaufridi. Nani alifinyanga?"

Nilikuwa na tonge la mwisho mdomoni. Nimelitafuna lile tonge, Truda, hata leo sijalimaliza. Ningesema neno moja tu na watu wangecheka, wangenitania mwaka mmoja, yangekwisha. Lakini niliufikiria uwakala. Niliyafikiria makofi. Nikameza, nikasema, "Watoto bwana! Alinisaidia kukanda tope." Nikatabasamu kabisa. Uongo ule ulikuwa na chembe ya kweli ndani yake, kwa sababu tope ulikanda pia, na ndiyo maana mpaka leo umeshindwa kuutenganisha.

Baba yako mkubwa akakwambia upige magoti uniombe radhi. Uliniangalia kwanza. Sijui ulikuwa unasubiri nini, au najua. Ukapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Nilidanganya."

Nami nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu."

Nimefanya mengi katika maisha haya. Nimevusha sukari kwa mtumbwi, nimemkimbia askari wa mpakani na kiatu kimoja, mengine hata padri hajayasikia. Hayo yote nikiyakumbuka nacheka. Lakini kuombwa msamaha na mtu niliyemkosea mimi, nikampa, hilo silichekei. Kudanganya kulikuwa kwa woga na tamaa, na mtu anaweza kutubu. Lakini kukunyooshea mkono nikakuinua kutoka magotini, mbele ya watu, kama baba mwema! Halafu nikatania kitu, sikumbuki nini, watu wakacheka, na wewe ukacheka nao kwa sababu ulifikiri ndivyo inavyotakiwa.

Mama yako alingoja tufike nyumbani. Alisema sentensi moja: "Umemnyang'anya mtoto hata tope." Hakurudia tena.

Hukwenda tena kijitoni. Nilingoja. Nilisema utasahau, watoto wanasahau. Meli ilipotia nanga Mbamba Bay nikashuka mwenyewe nikakununulia mwanasesere wa plastiki, macho yanafunga na kufungua. Ukasema, "Asante, baba," ukamweka juu ya kabati, akakaa pale mpaka nywele zikadondoka. Kila mara nilipompita aliniangalia. Mwezi huu uliniambia unajaribu kukumbuka ulicheza nini baada ya darasa la tatu na hupati kitu. Nilikwambia umri huo kila mtu husahau. Huo ulikuwa uongo mwingine, mdogo, wa kuziba ule mkubwa. Hukusahau. Hukucheza.

Na ile miaka yote watu waliendelea kuniita Fundi. Bati la kanisa liling'oka, likaangukia sanamu, zikavunjika, zikafagiliwa na matope ya mvua, hakuna tena hata kipande cha kukushuhudia. Wakati mwingine hata mimi nilipokuwa nasimulia nilianza kujiona nikifinyanga. Jihadhari na hilo mwanangu, si kwa wengine, kwako mwenyewe. Mtu mwenye mdomo mzuri kama wangu, akirudia kitu mara nyingi kinapata mikono na miguu. Nawe una mdomo wangu, usikatae. Utasifiwa huko, nami natumaini utasifiwa sana, na utakuja mtu akusifie kazi iliyo nusu ya mwenzako. Utasikia utamu wake. Ukiusikia, utajua ninachokwambia.

Mimi ukweli sikuufuata, ulinifuata wenyewe kutoka chuoni kwenu Songea. Ulikwenda kusomea ualimu, mkaambiwa mtengeneze zana za kufundishia, ukafinyanga ng'ombe wa kuwafundishia watoto wa darasa la kwanza kuhesabu. Mwalimu wako akamchukua yule ng'ombe akamzungusha kwa wenzake wote. Uliniandikia barua: "Baba, nafikiri nimerithi mikono yako." Nilipoisoma nilikuwa stendi ya Mbinga, nikakaa chini kwenye lami. Watu wakauliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo.

Bado sikukujibu hilo. Nilikuandikia nikakutumia salamu za mbuzi wetu, basi.

Leo asubuhi nimekwenda kwa baba yako mkubwa. Nimempigia shikamoo, nikakaa, nikamweleza yote. Amezeeka, masikio yamekuwa mazito, imenibidi nisimulie aibu yangu kwa kupiga kelele mpaka wajukuu wake wakakusanyika. Kisha akasema:

"Kwa hiyo tulimpigisha mtoto magoti bure."

"Bure, kaka."

"Na wewe ukamsamehe."

"Nikamsamehe."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Bado."

"Sasa mimi unanieleza kwa nini? Mimi ndiye niliyefinyanga kondoo?" Akachukua fimbo yake akanielekeza mlango. Nilipofika njiani akaniita tena. Akasema kwa kuwa shauri liliharibiwa mbele ya watu litatengenezwa mbele ya watu, na Pasaka ukoo ukikutana nitasimama. Nimekubali. Wewe hutakuwepo, na pengine ni afadhali, kwa sababu hupaswi kuangaliwa tena na watu hao wakati jambo lako linaamuliwa.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi. Nimeona msamaha wa haraka unafananaje. Kaa nazo hasira hizo, uende nazo Dar kama zitakufaa, zitumie kazini. Ukitaka kuandika ukutani pale kwenye maonyesho kwamba baba yako alikudhulumu, andika, na jina langu liandike kwa herufi kubwa. Unajua nimependa siku zote kuonekana. Usipotaka, usiandike, lakini iwe kwa ajili yako, si kwa ajili yangu.

Ila nafasi ile ya katikati usiiache tupu. Na kwa kuwa umesema hukumbuki, na kwamba miaka ile ukiitafuta unakuta kama chumba kimefungwa, nitakupa siku moja. Ninayo nzima. Nimeiweka muda mrefu kwa sababu sikustahili kuionyesha kwa mtu. Nilikuwepo, nilikuona, na hii sikuipaka rangi yoyote.

Ilikuwa siku ya tatu ya kazi yako humu ghalani. Mvua inanyesha, mlango wa ghala umefunguliwa nusu ili mwanga uingie. Umevaa gauni la shule lililochanika kwapani, na tope limekufika mpaka viwiko. Ulikuwa unaongea nao. Yosefu ulimgombeza: "Simama vizuri, una mtoto sasa." Wachungaji walikuwa watatu, mmoja ana tumbo la tajiri wa mahindi, nikakuuliza mchungaji gani huyu ananenepa hivi, ukasema, "Anakula kondoo za wenzake." Kondoo mmoja ulimlaza amempa mtoto mgongo. Nikakwambia mgeuze, si adabu. Ukakataa. "Huyu ametoka Liuli kwa miguu, baba. Amechoka. Ataangalia kesho."

Mtoto ulimwacha wa mwisho siku hiyo. Ulimtengeneza mdogo kuliko kidole gumba changu, ukachora macho kwa mwiba. Kisha ukatafuta mahali pa kumweka, kila mahali pamejaa, ukanishika mkono ukaufungua, ukamlaza kwenye kiganja changu akiwa bado mbichi.

"Usicheke, baba. Ukicheka mkono unatikisika."

Sikucheka.

"Mpulizie. Polepole, asipasuke."

Nikampulizia. Mvua inapiga bati, mama yako anaita chakula, sisi hatuitiki. Nimempulizia mpaka kichwa kikaanza kuniuma. Ukasogea, ukamgusa kwa kidole kuona kama amekauka, halafu ukanitazama mimi, umeshangaa kweli kweli, ukasema:

"Kumbe baba unajua kucheza."

Mimi baba yako,
Gaufridi